Daktari wa mifugo anataka elfu nne kwa makala moja. Analipwa ya nini?

Swali

Daktari, salamu kutoka Kisumu. Nina tovuti ya Kiswahili ya kilimo na ufugaji, na wasomaji wangu wengi wako Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega. Mpaka sasa makala zangu huandikwa na vijana wawili ninaowalipa shilingi 500 kwa kila makala. Wanaandika vizuri, hawachelewi, na siku hizi wanasaidiwa na programu za akili unde. Juzi nilimwomba daktari wa mifugo aniandikie, akaniambia ni shilingi 4,000. Nilishtuka. Kwani hayo atakayoyaandika si yamejaa mtandaoni? Na msomaji wa kawaida ataona tofauti gani? Nimekutumia makala yetu ya kupe, ndiyo inayosomwa kuliko zote. Nijibu bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Jibu

Dada yangu, nimeisoma makala ya kupe mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama msomaji tu, nikafurahi: Kiswahili kinateleza, aya ni fupi, picha ni za ng'ombe wetu hawa hawa tunaowajua. Mara ya pili niliisoma kama mtu aliyerukiwa na dawa ya kupe mikononi kwa miaka 22, nikakwama kwenye aya ya tatu. Imeandikwa: "Changanya dawa yenye amitraz kwa kufuata maelekezo, kisha nyunyizia mifugo yako yote mara moja kwa wiki."

Mifugo yote. Haya, tumchukue msomaji wako wa Luanda, kule Vihiga. Ana ng'ombe wawili, mbuzi watano, na punda wa kuvuta mkokoteni wa maji. Akimaliza ng'ombe na mbuzi, pampu ya mgongoni bado ina lita mbili tatu. Atayamwaga? Hathubutu, dawa imenunuliwa kwa pesa, na punda naye ana kupe masikioni. Atampulizia. Sasa, amitraz na punda ni maadui. Dawa hiyo huulegeza utumbo wake ukaacha kusukuma chakula, kinyesi kikakauka humo ndani, tumbo likaziba. Kwa farasi ni vivyo hivyo.

Niliwahi kuitwa kwa punda wa namna hiyo, upande wa Rongai hapa Nakuru. Nilimkuta amesimama pembeni ya ua, shingo ameinamisha, kila mara anageuka kulitazama tumbo lake kama mtu aliyeitwa na mtu asiyemwona. Nikaweka sikio ubavuni. Tumbo la punda mzima hunguruma mchana kutwa, unasikia maji na hewa vinapita kama lori linalopanda mlima kwa mbali. La huyu lilikuwa kimya kabisa. Mwenyewe akaniambia, "Daktari, mimi nilifuata maandishi." Na kweli alikuwa ameyafuata. Siku ya tatu punda alikufa, na watoto wakaanza kubeba mitungi kichwani.

Kijana wako hakudanganya. Kila neno aliloandika lipo mtandaoni, tena limeandikwa mara nyingi. Dawa ni hiyo, siku saba ni hizo. Alichokosa ni kuwahi kusimama kwenye ua lenye punda. Daktari unayemwogopa kwa elfu nne, hata kama Kiswahili chake ni cha kuchechemea, mkono wake ungesita wenyewe kwenye "mifugo yote", na angeongeza maneno manne: punda usimguse nayo kamwe. Elfu nne ni ya maneno hayo manne. Yaliyobaki, ya kwamba kupe hunyonya damu na huleta ugonjwa wa ndigana kali, kijana wa mia tano anayaweza.

Umeuliza kwani si yamejaa mtandaoni. Yamejaa, lakini yamejaa kama mahindi kwenye lori lililopinduka. Kuokota si kazi. Kazi ni kujua lipi ni la shamba lipi. Chukua mbegu ya mahindi ya H614. Utakuta makala chungu nzima zikiisifu, na sifa hizo ni za haki, maana ilizalishwa Kitale kwa ajili ya nyanda za juu, na huko inajaza ghala. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hapa H614 iko nyumbani. Kisumu mko kama mita 1,130. Mkulima wa Ahero akiisoma sifa hiyo bila kuambiwa mstari unakatika wapi, atapanda mbegu inayochukua miezi sita na zaidi kukomaa, mahali ambapo joto na mvua vina ratiba nyingine kabisa. Makala haikusema uongo popote. Ilikosa tu mtu wa kuiambia iishie wapi.

Hapo ndipo ninapomtambulia mjuzi. Mwandishi asiyelijua jambo huandika kwa uhakika ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwenye kulijua, katikati ya makala anaanza kuweka vikwazo: ikiwa udongo wako ni mchachu, ikiwa ng'ombe ana mimba, ikiwa umeshachelewa wiki mbili, basi usifanye hivi, mpigie mtu simu. Wahariri wengi huvikata vikwazo hivyo kwa sababu vinachosha msomaji. Nami niliwahi kuvikata, nilipoanza kuhariri, na niliwahi kupigiwa simu na mkulima aliyeuza maziwa ya ng'ombe aliyechomwa dawa ya kiwele siku iliyopita, kwa kuwa sentensi ya kusubiri, ile inayomtuma mtu asome kwenye lebo ni siku ngapi maziwa yasinywewe wala kuuzwa, niliifuta ili ukurasa ukae vizuri. Maziwa yake yalirudishwa, na mnunuzi hakumchukua tena. Sijaisahau simu hiyo.

Kuhusu vijana wako, usiwadharau. Nchi yetu ina vijana wengi waliolipia kodi ya nyumba kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha za vyuo. Kazi hiyo imewapa kipaji kimoja cha hatari: wanaweza kuandika jambo wasilolijua kwa namna ambayo hata mwenye kulijua hushawishika kwa dakika mbili za mwanzo. Programu za akili unde zina kipaji hicho hicho, mara elfu. Mwanzoni mwa mwaka 2023 ilibainika kwamba CNET, tovuti kubwa ya Marekani, ilikuwa imechapisha makala 77 za mambo ya fedha zilizoandikwa kwa msaada wa mashine. Zilipokaguliwa upya, 41 zilihitaji masahihisho. Mojawapo ilieleza kwamba ukiweka dola 10,000 kwa riba ya asilimia 3, mwaka ukiisha utakuwa umechuma dola 10,300. Mweka hazina yeyote wa chama pale Ahero angeinua kichwa na kuuliza: hizo elfu kumi nyingine zimetoka kwa nani? Faida ni dola 300. Lakini sentensi yenyewe ilikuwa imenyooka, haina kosa la herufi, ndiyo maana ilipita.

Sasa niseme upande wa pili, usije ukadhani nawapigia debe watu wa vyeti. Umeniita daktari. Asante, lakini mimi si daktari. Nina diploma ya afya ya mifugo. Kenya hii, mtu yeyote anayechoma ng'ombe sindano ni daktari, na anayeuza dawa agroveti ni daktari, na mtoto wake akimshikia duka Jumapili naye ni daktari. Kwa hiyo kabla hujatoa elfu nne, mwulize huyo bwana namba yake ya usajili. Kenya Veterinary Board husajili madaktari wa mifugo na pia sisi wasaidizi wao, kwa sheria ya mwaka 2011. Asiye na aibu ya kazi yake atakutumia namba kabla hujamaliza kuandika ujumbe. Kisha mwulize la pili: unauza nini? Niliwahi kupokea makala ya kulisha ng'ombe wa maziwa, nzuri sana, mpaka nilipogundua kwamba kila aya ya tatu ilikuwa inanipeleka kwenye chumvi ya gunia fulani, na gunia hilo lilikuwa dukani kwake. Ana haki ya kuuza. Ila msomaji aambiwe.

La tatu ni kwamba ujuzi una mipaka ya shamba kama shamba lenyewe. Profesa wa mahindi asikuandikie kuku. Na hata ndani ya shamba lake mwenyewe mtu anaweza kupotosha. Mwaka 1998 jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, na kutoka hapo wazazi wengi wakaingiwa na hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huleta usonji. Alikuwa daktari kweli, kwenye jarida lenye heshima kweli. Ilichukua miaka 12: mwaka 2010 jarida likaiondoa makala hiyo, na mwaka huo huo jina lake likafutwa kwenye sajili ya madaktari wa Uingereza. Madhara hayakufutika upesi hivyo. Lakini tazama kilichowezesha kumfikia: alikuwa ametia jina, na jina lilikuwa na sajili ya kufutwa. Linganisha na yaliyotokea mwaka 2023 kwa Sports Illustrated ya Marekani, ambako makala za bidhaa zilikutwa na majina ya waandishi wasiokuwapo duniani. Picha ya mmoja wao ilikuwa inauzwa kwenye tovuti ya sura zilizotengenezwa na kompyuta. Huyo utamshtaki wapi? Nakuomba, usije ukabandika "Daktari wetu" juu ya makala ya kijana wako na picha ya mtu mwenye koti jeupe. Najua wengi hufanya hivyo. Bora makala isiyo na jina kuliko hiyo.

Kuna ujuzi mwingine ambao hauna namba ya usajili, na huo ndio nadhani tovuti yako itaupata kwa urahisi kuliko tovuti yoyote ya Nairobi. Chukua kideri, ule ugonjwa wa kuku. Makala zote za kuku husema: chanja kuku wako kila baada ya miezi mitatu. Ni sawa, maana kideri ni virusi, na huo unga wa antibiotiki unaouzwa agroveti wakati kuku wameshaanza kupinda shingo hauviui, ni pesa inayofuata kuku kaburini. Lakini chanjo yenyewe mara nyingi huja kwenye chupa ya dozi 100 au zaidi, na mama wa Nyahera ana kuku 14. Ikishachanganywa, haikai mpaka kesho. Ni ya saa chache. Inataka baridi njiani, na nyumbani hana friji. Makala haimwambii afanyeje, kwa hiyo anaisoma, anatikisa kichwa, anafunga simu.

Aliyenifundisha jibu ni mama mmoja muuza samaki niliyemkuta Dunga nilipokuja huko kwa kazi. Walikuwa majirani tisa. Walichanga pesa ya chupa moja, wakachagua siku moja. Chupa ilisafiri ndani ya chupa ya chai ya plastiki iliyojaa vipande vya barafu ya samaki, barafu ambayo kwake haikuwa na gharama. Kuku hawakufunguliwa asubuhi hiyo. "Ukimfungulia," aliniambia, "utamchanja saa sita ukiwa unahema." Kabla jua halijachomoza walipita nyumba kwa nyumba, mmoja anashika kuku, mmoja anamfungua jicho kwa kidole gumba, wa tatu anadondosha kitone na kuhesabu mpaka kope ipepese, ndipo kuku anaachiliwa. Mimi nilisomea chanjo. Yeye alijua namna ya kuifikisha kwenye jicho la kuku wa mtu maskini. Ningeandika makala ya kideri peke yangu miaka kumi, barafu ya samaki isingenijia.

Google yenyewe, katika mwongozo wa watu wanaoikagulia ubora wa matokeo, kwa miaka mingi ilikuwa ikitaka ujuzi, mamlaka na uaminifu. Desemba 2022 ikaongeza la nne, uzoefu wa mwenyewe. Sikuambii uandike kwa ajili ya Google, na wakaguzi hao hawapandishi wala kushusha tovuti yako kwa mkono. Nimetaja tu ili ujue kwamba yule mama wa Dunga, hata kwa hesabu za Marekani, anahesabika mwandishi.

Kwa hiyo usimlipe daktari elfu nne kwa kila makala. Huna pesa hizo, na yeye hana muda huo, na nikwambie siri: wataalamu wengi wanaandika vibaya. Wataanza na "Ufugaji ni uti wa mgongo wa uchumi" na watamaliza kabla hawajafika kwenye ng'ombe. Nunua saa yake moja. Mpigie, au akutumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp akiwa njiani kwenda kwa mteja, maana hapo ndipo huongea vizuri. Kijana wako aandike. Daktari asome kilichoandikwa na akate. Kwa elfu nne hiyo hiyo unaweza kupata makala tatu au nne zilizopita mikononi mwake, na kijana wako atakuwa anajifunza huku analipwa.

Ila maswali ya kumwuliza yasiwe "tueleze kuhusu kupe". Ukiuliza hivyo atakusomea kitabu. Mwulize: wakulima hukosea wapi kwenye jambo hili, umeona nini kwa macho yako? Hapo ndipo punda atatokea. Mwulize: ushauri huu haufai kwa nani? Na mwulize: ni dalili gani ikionekana mtu aache kusoma makala na kuita mtu? Kwa hiyo ya kupe, kwa mfano, mimi ningekujibu kwamba wakulima wengi hupima dawa kwa kizibo, kila mtu na kizibo chake. Kwamba lebo nyingi za amitraz ya asilimia 12.5 husema mililita 40 kwa lita 20 za maji, na njia rahisi ya kuzipata ni bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, mara mbili. Kwamba ng'ombe hunyunyiziwa mgongoni wakati kupe wa ndigana yuko ndani ya sikio na wengine wako chini ya mkia. Na kwamba ukiona tezi chini ya sikio imevimba na ng'ombe ana homa, pampu haitasaidia tena, ni saa za kutafuta matibabu, hata siku mbili ni nyingi. Yote hayo ni dakika kumi za sauti.

Sasa, makala zipi zipite kwa mjuzi? Utajaribiwa kusema: zile za dawa tu. Hizo hakika, pamoja na chanjo, sumu za kunyunyizia mimea, mikopo, na chochote kinacholiwa na mtoto. Lakini hatari haikai mahali unapoidhania. Una makala ndogo ya kukausha mahindi, nimeiona, imeandikwa kama jambo la kupitisha muda: anika siku tatu nne, kisha weka ghalani. Mwaka 2004, kule Ukambani, watu 317 waliugua kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na 125 wakafa, kwa mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mahindi yanatakiwa yashuke mpaka unyevu wa asilimia 13.5, na siku tatu za Kitale mwezi wa Novemba si siku tatu za Kisumu mwezi wa Januari. Mkulima hana mashine ya kupima. Afisa wa ugani yeyote mzee angekuongezea hapo chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi robo, tia chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, funga, tikisa dakika chache, ilaze itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha turubai juani. Ikianguka chini ikiwa chembe chembe, mahindi yako yamekaribia. Huyo mzee yupo, amestaafu, yuko Bondo au Mbale anachunga mbuzi wake, na hakuna aliyemwuliza kitu tangu apewe barua ya kustaafu. Anza na hao. Wengine watakufanyia kwa nauli na chakula cha mchana. Wengine wako karibu nawe zaidi ya unavyodhani: Maseno kuna chuo kikuu, Mbita kuna kituo cha ICIPE, watafiti wa wadudu, kilichoshughulikia kayongo, lile gugu linalonyonya mahindi, kwa miaka na miaka, na hapa kwetu Njoro kuna chuo kikuu cha Egerton na watu wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo. Watumie barua yenye swali moja lililokatwa vizuri. Swali refu halijibiwi.

Na ukitaja kayongo, mtafute pia mkulima aliyepanda desmodiamu, mmea unaopandwa katikati ya mahindi. Mtaalamu wa Mbita atakueleza jinsi mizizi yake inavyoifanya kayongo ishindwe kushika mahindi, na jinsi majani yanavyofukuza nondo wa funza huku nyasi za kando zikiwavuta. Mkulima atakueleza kwamba msimu wa kwanza vibarua wataing'oa wakidhani ni magugu, usipowasimamia.

Jambo la mwisho ni tarehe, na hili halihitaji pesa. Chini ya kila makala weka jina la aliyeandika, jina la aliyeikagua, anafanya nini na wapi, na mwezi ilipokaguliwa. Makala ya wadudu wa mahindi iliyoandikwa mwaka 2015, hata na profesa bora, haimjui kiwavijeshi vamizi, kwa sababu alikuwa hajafika. Alithibitishwa Kenya mwaka 2017, na kaunti za magharibi zikawa miongoni mwa za kwanza kulia. Msomaji wa leo akimkuta kwenye moyo wa mhindi, mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na nukta nne za mraba karibu na mkia, makala hiyo itamwambia ni funza wa shina. Vivyo hivyo ule ugonjwa uliokausha mahindi Bomet mwaka 2011. Wakulima walisema ni mbegu mbovu, wengine ukame, na wataalamu wenyewe mwanzoni hawakuwa na jina lake. Baadaye ikajulikana ni virusi viwili vikikutana kwenye mmea mmoja, na mwaka 2013 kikafunguliwa kituo Naivasha cha kuzijaribu mbegu dhidi yake. Aliyeandika Oktoba 2011 "nyunyizia dawa hii utapona" alikuwa na haraka. Aliyeandika "ng'oa, badilisha zao, tunachunguza" ndiye ambaye makala yake haijaoza.

Umeuliza kama msomaji wa kawaida ataona tofauti. Siku anaposoma, hapana. Usijidanganye kwamba atakusifu kwa kuweka jina la daktari chini. Ataiona siku ya kutumia, na kwa mabaya yake hatakuandikia kukulalamikia. Atanyamaza tu, na kwenye mazishi au sokoni Kibuye mtu akitaja tovuti yako atafanya mdomo hivi. Yule wa Rongai hakuwahi kumwandikia mtu yeyote. Aliuza mkokoteni.

Kwa hiyo makala ya kupe iondoe leo jioni, usingojee ya elfu nne. Rekebisha aya ya tatu, uirudishe kesho asubuhi, na juu kabisa uandike kwamba ilikuwa na kosa kuhusu punda, ili aliyeisoma zamani ajue. Itakuaibisha kidogo. Kisha mpigie huyo daktari, umwombe saa moja tu, na uanze naye kwenye kideri, maana Desemba haiko mbali, na watu wakianza kusafirisha kuku wa sikukuu kwenye mabasi, ugonjwa nao hupanda humo humo bila nauli.